Kasoro ya Nini? Uhakiki wa Ufasiri wa Vipimo vya Graviti na Sumaku, kutoka Bonde la Ufa la Bullard (1936) hadi Ripoti ya Kisima

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki ufasiri wa vipimo vya graviti na vya uga wa sumaku katika matini zinazohusu ardhi ya Afrika Mashariki. Matini kuu ni ripoti ya Edward Bullard, Gravity Measurements in East Africa, iliyochapishwa mwaka 1936 katika Philosophical Transactions, jarida la Royal Society ya London. Matini ya pili haina mchapishaji wala haimo katika maktaba yoyote: ni ripoti fupi ya kutafuta mahali pa kuchimba kisima, ambayo mwandishi wa makala haya aliombwa kuitafsiri kwa Kiswahili, akaitafsiri vibaya.

Kuziweka matini hizi pamoja kunaweza kuonekana kama kumketisha mwanazuoni wa Cambridge na mwenyekiti wa kijiji kwenye benchi moja. Hata hivyo, zote mbili zinakwama mahali pamoja, nako ni pale ambapo namba iliyopimwa kwa usahihi inageuzwa kuwa sentensi. Namba haikuwa na kosa katika matini yoyote kati ya hizi. Kosa liliingia pamoja na kitenzi.

Ni vyema mipaka ya uhakiki huu ielezwe mapema. Mwandishi si mwanajiofizikia bali ni mwanafunzi wa tafsiri, na hesabu chache zilizomo humu ni zile ambazo msomaji yeyote mwenye kalamu anaweza kuzirudia. Nadharia ya Skopos ya Hans Vermeer, ambayo tasnifu nyingi za tafsiri huikimbilia, haikutumiwa hapa kama mwega mkuu. Skopos huuliza matini lengwa inatimiza kusudi gani kwa hadhira yake. Swali hilo ni zuri, lakini halitoshi pale ambapo matini chanzi yenyewe tayari ni maelezo ya kitu kisicho na lugha. Kiswahili kina bahati katika jambo hili, kwani mzizi mmoja unatupatia tafsiri, yaani kuhamisha matini kutoka lugha moja hadi nyingine, na ufasiri, yaani kueleza maana ya jambo. Mtaalamu anayesoma ramani ya graviti hufanya la pili, na mara nyingi huandika kana kwamba amefanya la kwanza tu.

2.0 Kipimo na kiwango chake

Vihisi vya graviti na sumaku si vigeni kwa wasemaji wa Kiswahili, ijapokuwa majina yake ya kitaalamu ni mageni. Timazi ya fundi mwashi ni kihisi cha mwelekeo wa graviti, na dira ya nahodha ni kihisi cha mwelekeo wa uga wa sumaku. Fundi na nahodha hutosheka na mwelekeo. Mtafiti huhitaji pia ukubwa, tena kwa usahihi ambao kazi ya ujenzi au ya baharini haijapata kuudai.

Graviti juu ya uso wa dunia ni takribani mita 9.8 kwa sekunde mraba, sawa na miligali 980,000. Mwamba mzito uliofukiwa ardhini, au bonde lililojaa mashapo mepesi, hubadilisha kiasi hicho kwa miligali chache au makumi, na kwa nadra hufika mamia. Zamani mabadiliko hayo yalipimwa kwa pendulamu, kipande cha metali kinachobembea ambacho muda wa mbembeo wake hutegemea graviti ya mahali kilipo. Graviti ikipungua kwa miligali 1, saa inayoendeshwa na pendulamu hiyo itachelewa kwa takribani sekunde 0.044 katika siku nzima. Gravimita za springi zilizokuja baadaye hufanya kwa dakika chache kazi ambayo pendulamu iliifanya kwa saa nyingi, lakini nazo zina udhaifu wake. Springi huchoka kidogo kidogo, hivyo mpimaji hulazimika kurudi kwenye kituo chake cha msingi mara kadhaa kwa siku ili ajue kifaa kimepotoka kwa kiasi gani.

Namba inayosomwa kwenye kifaa haielezi lolote kuhusu mwamba kabla ya kusahihishwa. Kupanda mita 1 hupunguza graviti kwa takribani miligali 0.31, na mwamba uliopo kati ya kituo na usawa wa bahari hurudisha sehemu ya upungufu huo. Latitudo ina athari yake, milima ya jirani ina yake, hata mwezi na jua vina yake. Athari hizo zikishaondolewa, kinachobaki hulinganishwa na kiasi kilichotarajiwa mahali hapo, na tofauti inayopatikana ndiyo inayotafutwa. Kosa la mita 5 katika urefu wa kituo hutosha kuzaa takribani miligali 1 ambayo hakuna mwamba ulioisababisha.

Tofauti hiyo iitweje? Neno hitilafu linajitokeza haraka, lakini linaleta akilini mashine mbovu na umeme uliokatika. Makala haya yanatumia kasoro kwa upande wa hasi na ziada kwa upande wa chanya. Anayesema saa mbili kasoro robo hasemi kwamba saa ni mbovu. Anasema kuna kiwango, nacho ni saa mbili, na kwamba bado robo kukifikia. Kasoro ya graviti ni hivyo hivyo: haimo ndani ya mwamba, imo kati ya kilichopimwa na kilichotarajiwa. Neno lenyewe linamlazimisha msikilizaji kuuliza kasoro ya nini, na ni nani aliyeiweka hiyo saa mbili. Tutaona kwamba swali hilo halikuulizwa vya kutosha katika matini zote mbili.

3.0 Pendulamu za Bullard na hukumu yake

Bullard hakuwa wa kwanza kupima graviti katika nchi hizi. Ernst Kohlschütter alipima kwa pendulamu katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani miaka ya 1899 na 1900, zama ambazo mizigo ya bara ilisafiri juu ya vichwa vya wapagazi. Pendulamu ni kifaa kisichovumilia kugongwa. Usahihi wa takwimu zile ulitegemea pia uangalifu wa watu walioibeba njiani, na fasihi ya kisayansi kwa kawaida humtaja mwenye kifaa na kumwacha aliyekibeba. Takwimu za Kohlschütter zilionyesha tayari kwamba katika maeneo ya Bonde la Ufa graviti ni pungufu.

Upungufu huo ulikuja kuwa ushahidi katika kesi iliyokuwa imeanza. J. W. Gregory, ambaye jina lake limebaki katika tawi la mashariki la Bonde, alishikilia kwamba ardhi ilivutwa pande mbili ikatanuka, na kipande cha kati kikazama. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya jiolojia ya Uganda, alilitazama eneo la Ziwa Albert akafikia kinyume chake: ardhi ilibanwa, na kingo mbili zikapanda juu ya kipande cha kati na kukididimiza. Mmarekani Bailey Willis naye aliunga mkono mbano. Waliobishana walikuwa wakisoma mawe yaleyale na mabonde yaleyale. Haikushangaza, basi, kwamba kifaa kipya kilipokelewa kama shahidi asiye na upande.

Bullard alikuja na pendulamu miaka ya 1933 na 1934. Uhodari wake mkubwa ulikuwa katika suala la muda. Ishara za saa zilizorushwa kwa redio zilirekodiwa alipokuwa yeye, na zilezile zikarekodiwa Cambridge, ambako pendulamu nyingine zilikuwa zikibembea wakati huohuo. Kwa njia hiyo alilinganisha pendulamu na pendulamu, na makosa ya saa za safarini yakapoteza nguvu. Mhakiki anayetafuta mahali pa kumlaumu Bullard asipoteze wakati hapa. Vipimo vyake viliendelea kutumiwa na waliomfuata, pamoja na wale waliokataa hitimisho lake.

Hoja iliyofuata vipimo hivyo inahitaji kuelezwa taratibu. Tabaka gumu la juu la dunia hukaa juu ya tabaka zito lililo chini yake kama jahazi linavyokaa majini. Likipakiwa linazama kidogo, likipakuliwa linapanda. Mahali ambapo usawa huo umetimia, hesabu inayouzingatia haipaswi kuacha kasoro kubwa. Bullard aliona kasoro katika Bonde hata baada ya kuufanyia hesabu usawa huo. Kwa hiyo sakafu ya Bonde haielei kwa uhuru. Iko chini kuliko inavyopaswa kuwa, mfano wa dumu tupu lililozamishwa ndani ya pipa la maji. Dumu tupu halibaki chini bila mkono. Mkono huo, kwa mujibu wa Bullard, ni kingo za Bonde zilizosukumwa juu ya sakafu. Kama ardhi ingekuwa imetanuka tu, kipande cha kati kingekuwa huru kupanda hadi kwenye usawa wake na kasoro ingetoweka. Hivyo mbano ukashinda na mvuto ukashindwa.

Hoja hii ni nzuri, na uzuri wake ndio uliofanya isikike kwa muda mrefu. Hatua zake tatu za kwanza zinastahimili uhakiki: kuna kasoro, kasoro haielezwi na usawa wa kuelea, kwa hiyo kuna upungufu wa masi usiokuwa na wa kuufidia. Hatua ya nne ndiyo yenye tatizo. Picha ya kushikiliwa chini ni picha ya kitenzi cha kutendwa, na kitenzi cha kutendwa hudai mtenda. Ukishasema sakafu imeshikiliwa, huwezi kuketi kabla ya kumtaja aliyeishika. Lakini kifaa hakikupima kushikiliwa. Kilipima upungufu. Upungufu ni hali, na hali inaweza kuwepo bila mtu kuisababisha kwa mkono.

Isitoshe, washitakiwa walikuwa wawili tu. Hoja ilijengwa kwa ama-au: ama mbano, ama mvuto kama ulivyofikiriwa siku zile. Mmoja alipoonekana hana hatia, hukumu ikamwangukia wa pili. F. A. Vening Meinesz, Mholanzi aliyejulikana kwa kupima graviti akiwa ndani ya nyambizi, aliirudia hesabu mwaka 1950 akauliza kama mvuto ulikuwa umefikiriwa sawasawa. Nyufa zinazoinama kuelekeana hukata kipande cha kati kiwe chembamba chini na kipana juu. Kipande cha umbo hilo, hata kikiachwa kielee chenyewe, kitatulia chini zaidi ya majirani zake. Kwa hiyo ardhi iliyotanuka nayo inaweza kuzaa kasoro. Mkono uliolizamisha dumu haukuhitajika. Umbo la dumu lilitosha.

Kulikuwa pia na mashapo. Kila kilomita 1 ya mashapo ambayo densiti yake ni pungufu kwa gramu 0.4 kwa sentimita ya ujazo ukilinganisha na mwamba wa jirani huondoa takribani miligali 17, iwapo tabaka hilo ni pana. Kilomita tatu za udongo wa ziwa, basi, ni miligali hamsini na moja bila mbano wowote. Mwaka 1936 unene wa mashapo ya Ziwa Albert ulikuwa haujapimwa. Utafutaji wa mafuta nchini Uganda ulianza kuujibu utata huo miaka mingi baadaye: vipimo vya sumaku kwa ndege vya mwaka 1983 vilionyesha sehemu ambako mwamba wa msingi umezama sana, na kazi iliyofuata ikathibitisha kwamba mashapo yana unene wa kilomita kadhaa. Ni mashapo hayo ndiyo yaliyoleta ugunduzi wa mafuta wa mwaka 2006 na bomba linaloelekea Tanga. Kile kilichokuwa pengo katika hoja ya mwanazuoni kiligeuka kuwa mali ya nchi.

Vituo vilipoongezeka, umbo la kasoro yenyewe lilibadilika. Kazi za R. C. Searle (1970) na za M. A. Khan na J. Mansfield (1971) zilidhihirisha kwamba nchini Kenya kuna kasoro pana sana, yenye upana wa takribani kilomita 1,000, ambayo haiwezi kuwa tendo la bonde lenye upana wa makumi ya kilomita tu. Ndani ya kasoro hiyo pana, juu ya mhimili wa Bonde, kuna ziada nyembamba. Kasoro pana ilifasiriwa kuwa dalili ya tabaka la chini lililo moto na jepesi, na ziada kuwa mwamba mzito uliopenya juu kutoka chini. Mitetemo iliyopimwa na mradi wa KRISP kati ya 1985 na 1994 ilikuta ganda la dunia chini ya Bonde likipungua unene kutoka takribani kilomita 35 kusini hadi kama 20 chini ya Turkana. Ganda linalokonda ni ganda linalovutwa. Leo vituo vya setilaiti hupima pande mbili za Bonde zikiachana kwa milimita chache kila mwaka.

Je, ni haki kumhukumu mwandishi wa 1936 kwa ushahidi wa 1971 na wa 1990? Hapana. Uhakiki wa aina hiyo ni rahisi na hauna faida. Bullard mwenyewe hakubaki pale alipokuwa: mwaka 1965, akiwa pamoja na J. E. Everett na A. G. Smith, alitumia kompyuta kuonyesha jinsi kingo za Afrika na Amerika Kusini zinavyoshikana, kazi iliyoipa nguvu nadharia ya mabara kusogea. Hoja ya makala haya ni kwamba, hata kwa ushahidi wa mwaka 1936 pekee, hatua ya nne ilikuwa na nguvu kuliko vipimo vilivyoibeba. Hisabati ilishaeleza tangu karne ya 19 kwamba graviti inayopimwa nje ya umbo fulani inaweza kuzalishwa na mipangilio ya masi isiyo na idadi ndani yake. Mzigo mdogo ulio karibu na mzigo mkubwa ulio mbali vinaweza kutoa namba ileile. Mfasiri wa graviti, kwa hiyo, hachagui kati ya ukweli na uongo peke yake. Huchagua kati ya visa vingi vinavyolingana na namba, na anachotumia kuchagua ni maarifa yaliyotoka nje ya kifaa. Matini inayoficha mahali maarifa hayo yalipoingilia ni matini yenye dosari, hata kama hitimisho lake litakuja kuthibitishwa.

Kisa cha Ziwa Victoria kinaonyesha kwamba jambo hili halikuisha na pendulamu. Setilaiti mbili za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002 na kufanya kazi hadi 2017, zilikimbizana zikiachana kwa takribani kilomita 220, na kila badiliko la umbali kati yao lilieleza badiliko la masi iliyo chini. Katika miaka hiyo kina cha ziwa kilishuka, na ubishi ukawa mkali: ni ukame, au ni maji yaliyoachiliwa kupita kiasi katika mabwawa ya Jinja? Swenson na Wahr (2009) waliunganisha data za graviti na za altimeta za setilaiti kufuatilia mizania ya ziwa. Graviti peke yake isingeweza kuwa hakimu. Maji yaliyogeuka mvuke na maji yaliyopita mlangoni mwa bwawa, yakishaondoka, huacha upungufu wa uzito uleule.

4.0 Ripoti ya kisima

Sehemu hii inamhusu mwandishi mwenyewe. Miaka michache iliyopita, kijiji kimoja katika nyanda kame za kati ya Tanzania kilichangishana fedha, kaya kwa kaya, ili kichimbe kisima. Mpimaji alikuja na magnetomita iliyofungwa kwenye mti mrefu. Aliwaomba waliomfuata waweke pembeni simu, visu na majembe, akatembea mistari iliyonyooka, akisimama kila baada ya hatua kadhaa. Wazee walivutiwa. Kifaa kinachoogopa jembe, walisema, hakika kinajua kitu.

Kilichokuwa kikipimwa ni ukubwa wa uga wa sumaku, ambao kwa Tanzania ni kama nanotesla 33,000. Uga huo hupanda na kushuka kwa makumi ya nanotesla ndani ya mchana mmoja kwa sababu ya jua, ndiyo maana mpimaji makini huacha kifaa cha pili kisichohama ili kiandike mabadiliko hayo. Baada ya kuyaondoa, hubaki tofauti ndogo zinazotokana hasa na madini ya magnetaiti yaliyomo katika miamba. Maji hayana sumaku ya kupimika kwa njia hii. Mwamba wa kale uliopasuka, hata hivyo, huoza kwenye mipasuko; magnetaiti yake huharibika; na juu ya ukanda huo uga hubadilika. Maji, kama yapo, mara nyingi hupenda kukaa kwenye mipasuko hiyo. Kutoka kwenye namba hadi kwenye ndoo kuna hatua nne au tano, na kila moja ina labda yake.

Kuna ugumu mwingine ambao ni wa nchi zetu hasa. Karibu na ncha za dunia mistari ya uga husimama, na mwamba wenye sumaku huonekana kwenye ramani kama kilima kilicho juu yake moja kwa moja. Karibu na ikweta ya sumaku, ambayo inapita Ethiopia, mistari hulala, na mwamba uleule huweza kuonekana kama bonde. Katika latitudo za Tanzania kilima na bonde hukaa bega kwa bega, na kitovu cha mwamba hakipo chini ya kilele wala chini ya shimo. Ramani hiyo ikisomwa kwa mazoea ya vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Kanada au Skandinavia, msomaji atachimba mahali pasipo penyewe. Hapa swali la kasoro ya nini linadai nyongeza: kasoro ya nini, ikitazamwa kutoka wapi.

Ripoti ya mpimaji, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilikuwa ya uangalifu. Ilieleza kwamba kulikuwa na kasoro nyembamba ya sumaku, kwamba iliweza kufasiriwa kuwa ukanda wa mipasuko, na kwamba ukanda huo, endapo ungethibitishwa kwa kupima ukinzani wa umeme wa ardhi, huenda ungekuwa na maji. Mwandishi wa makala haya, aliyekuwa likizo na aliyejulikana kijijini kama msomi wa Kiswahili, alipewa ripoti hiyo jioni ili aisome mbele ya mkutano asubuhi. Tafsiri aliyoisoma ilisema: Kifaa kimeonyesha ufa wenye maji.

Kura ilipigwa, mkandarasi akaitwa, shimo likafika mita 90 likiwa kavu. Fedha zote ziliishia humo.

Tukiichambua sentensi ile ya maneno matano, tunaona ilipofanya kazi ambayo ripoti haikuifanya. Kuonyesha ni kumfanya mtu aone. Kwa kitenzi hicho kifaa kilipewa macho, na kijiji kikapewa jambo lililokwisha kuonekana. Kiambishi cha -me- kilifunga tukio kama lililokamilika. Neno kasoro, au jingine lolote la kulishika wazo hilo, liliachwa, na pamoja nalo likaachwa swali la kiwango. Ufa ukatajwa kana kwamba ndicho kilichopimwa. Wenye maji, maneno mawili mepesi, yalimeza masharti mawili ya mpimaji. Pendekezo la kupima ukinzani lilikuwa katika aya ya mwisho ya ripoti, nalo halikusomwa kabisa kwa sababu mfasiri aliliona kuwa la kiufundi.

Ni desturi kusema kwamba makosa kama haya hutokana na Kiswahili kukosa istilahi. Utetezi huo haukubaliki hapa. Istilahi ya uga wa sumaku ipo, na isipokuwapo mtu anaweza kusema nguvu ya sumaku ya ardhi na akaeleweka. Kilichokosekana hakikuwa nomino. Kiswahili kina huenda, yamkini, inaelekea, labda. Kina -nge- na -ngali-. Kina kama yaliyo ya sharti. Ni lugha iliyozoea kusema Mungu akipenda kabla ya safari ya kwenda mji wa jirani. Mfasiri alikuwa na vifaa vyote hivyo mkononi, akavikunja, kwa kuwa aliona aibu kusimama mbele ya watu waliotoa fedha zao na kuwaambia neno huenda. Juhudi za kuunda istilahi za sayansi, ambazo zimezaa kamusi kama ile ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990), zimeshughulika na majina ya vitu kwa bidii ya kusifiwa. Lugha ya kiwango cha uhakika, yaani namna ya kusema kwa Kiswahili kwamba jambo linajulikana nusu, haijapewa nafasi kama hiyo katika mafunzo yetu ya tafsiri, ingawa sarufi yake imekwisha kuwepo.

Kwa ajili ya makala haya, sentensi ile ilitafsiriwa upya: Katika mstari wa tatu nguvu ya sumaku imepungua kuliko ilivyotarajiwa, upungufu wa namna hii mara nyingi, lakini si mara zote, husababishwa na mwamba uliopasuka, mwamba uliopasuka huenda ukawa na maji au usiwe nayo, kabla ya kuchimba, ardhi ipimwe kwa umeme ili kujua zaidi.

Ni ndefu, na haitapendeza katika mkutano wa hadhara. Mwandishi alimsomea mwenyekiti wa kijiji, ambaye bado ni yuleyule. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba irudiwe, kisha akasema kwamba wangechimba vilevile, maana kiangazi kile hakikuwa na subira. Ila wasingeweka fedha zote kwenye shimo moja.